Seva ya Kupanga: Kipande au Mashine Nzima?

Muuzaji ataanza na idadi ya prosesa na gigabaiti za RAM. Mwache amalize. VPS ni kipande cha mashine kubwa waliyogawana wateja wengi, na ubora wake hauonekani kwenye orodha ya bei. Unaonekana saa mbili usiku, majirani wote wakiwa kazini.

Omba wiki ya majaribio. Ingia, andika top, tazama mstari wa prosesa. Mwishoni kuna herufi mbili, st: ni muda ambao seva yako ilikuwa tayari kufanya kazi, ila prosesa ilikuwa kwa mwingine. Ikiwa sifuri au asilimia moja, kaa. Ikifika kumi na kung'ang'ania hapo kila jioni, hama. Mwenye mashine ameuza zaidi kuliko inavyobeba, na kuongeza RAM hakutakuponya. Uliza pia kama ni KVM. Hapo unakuwa na kerneli yako mwenyewe, tofauti na kontena, ambako kerneli ni moja kwa wote.

Seva nzima haina jirani, lakini nzima si lazima iwe mpya. Hetzner ya Ujerumani huzipangisha kwa mnada mashine zilizokwisha kutumika, tena waziwazi. Si wote walio wawazi hivyo. Endesha smartctl, usome Power_On_Hours: mwaka una saa 8,760, kwa hiyo diski yenye saa 44,000 imewaka miaka mitano mfululizo. Mimi sikatai mashine kuukuu, mradi bei nayo iwe ya ukuukuu, diski ziwe mbili kwenye RAID 1, kila moja nakala ya nyingine, na RAM iwe ya ECC, inayojisahihisha makosa madogo.

Aliye Kamina, hapa Kongo (DRC), mwenye tovuti ya shule au redio, achukue VPS nzuri. Seva nzima ni ya mwenye databesi nzito na fundi wa kuiamkia usiku. Kitakachomsumbua mtu wa Kamina ni umbali: kila kilomita 1,000 za nyuzi za mwanga huongeza takriban milisekunde 10 kwenda na kurudi, na ukurasa mmoja huenda na kurudi mara kadhaa. Lubumbashi ina LUBIX na Kinshasa ina KINIX, ambako kampuni za intaneti hubadilishana trafiki humu humu nchini, lakini faida ipo tu kama seva na mtandao wa simu wa wasomaji vyote vimeungwa hapo. Apime kwa simu ya mtu wa Kamina, si ofisini kwa muuzaji.

Bakapu ni suala jingine kabisa. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la SBG2 la OVHcloud huko Strasbourg. Wa VPS na wa seva nzima waliunguliwa pamoja, na wengine nakala zao zilikuwa palepale. Muulize muuzaji nakala zako zinakaa mji gani, kisha airejeshe moja ukiona, kabla hujalipia mwezi wa pili.