Tuhakiki Neno "Mbegu"

Kabla ya kulaumu tamaa, tuhakiki lugha. DECI hawakusema "leteni pesa". Walisema "pandeni mbegu, mtavuna". Aliyelelewa na jembe, au kanisani, angeogopaje mbegu? Kumbe mavuno ya wa mwanzo yalikuwa fedha za waliopanda baada yao. Serikali ilipoizuia mwaka 2009, ikaonekana shamba halikuwapo. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani viongozi wake.

Nami nina kosa. Katika mswada wangu wa riwaya, mama muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nilimchora mjinga tu. Mjinga gani anayehesabu faida hadi senti? Hesabu aliijua, aliponzwa na neno. Sura ile nimeichana. Naianza upya, jamani.