Shaaban Robert, Sheikh Hemedi na Kiswahili cha Mji Uliogawika

Kila unaposifiwa umoja wa Watanzania kwa lugha moja, Shaaban Robert ndiye shahidi wa kwanza kuitwa. Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909, akiwa na asili ya Kiyao, lakini mwenyewe alijiita Mswahili. Hatua hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani inamtambua mtu kwa kauli yake badala ya damu yake. Wahakiki wengi huishia hapo kwa makofi. Ni wachache wanaouliza ni Kiswahili kipi, na kilisomewa wapi.

Yafaa kumweka kando yake Sheikh Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vya mwaka 1307 wa Hijria. Huyo alikuwa zao la chuoni, na kalamu yake ilikuwa ya khati za Kiarabu. Katika miaka ya 1890 Wadachi walifungua Tanga shule ya serikali, wakafundisha Kiswahili hichohicho kwa herufi za Kirumi, ili wapate makarani na maakida. Lugha haikubadilishwa, kilichobadilishwa ni mlango wa kuingilia. Mwanachuoni wa jana akafika ofisini akahesabiwa hajui kusoma. Hata utenzi wa Hemedi ulipochapishwa katika miaka ya 1950, ulipitia mikononi mwa J. W. T. Allen na kutoka umevaa herufi za Kirumi.

Mji wenyewe ulipangwa kwa matabaka: Wazungu Raskazoni, Wahindi katikati, na Waafrika Ngamiani, penye barabara za namba. Shaaban Robert, aliyesomea Dar es Salaam na kuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926, hakuwa wa Raskazoni, wala hakuwa sawa na manamba wa mashamba ya mkonge. Nafasi hiyo ya katikati inasikika katika Kusadikika (1951). Karama anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria. Kwa maneno mengine, kosa lake ni shule. Anajitetea kwa ufasaha usio na doa, hoja juu ya hoja, kama mtu aliyezoea majalada. Lakini wananchi anaowatetea hawana sauti ya kulingana na yake. Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro ya usanii. Bora isomwe kuwa ndiyo kweli iliyo chungu zaidi kitabuni: haki ya Kusadikika inamngoja msomi aiseme.

Ushahidi mwingine umo katika Omar Khayyam kwa Kiswahili, ya mwaka 1952. Mshairi wa pwani ya Kiislamu, ambaye wazee wa mji wake walizisoma khati za Mashariki tangu utotoni, anamfikia mshairi wa Uajemi kupitia Kiingereza cha FitzGerald. Tafsiri haikosi utamu kwa sababu hiyo, ila njia iliyopitwa yaeleza mengi.

Ngamiani nayo haikukaa kimya. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, pamoja na sauti ya Bi Shakila, ilifikisha ushairi kwa watu ambao hawakuwa na haja ya kuonyesha cheti mlangoni. Ajabu ni kwamba vitabu vya uhakiki vinaigusa kwa ncha ya kidole tu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Kiswahili kilishika shule za msingi, lakini sekondari zikabaki na Kiingereza, na zimebaki nacho hadi leo. Mtoto wa Ngamiani akifika kidato cha kwanza humjadili Karama katika kipindi cha Kiswahili kwa ulimi mwepesi. Kengele ikilia, huingia kipindi kinachofundishwa kwa Kiingereza na kuanza kutafuta maneno, huku mwenzake aliyelipiwa karo ya shule ya Kiingereza tangu darasa la kwanza akiwa ameshanyoosha mkono.