Mwangwi wa SPX90

Wapiga gitaa wengi wa leo huamini kwamba kifaa cha efekti kikizeeka, sauti yake nayo imepitwa na wakati. Siafiki, na shahidi wangu ni Yamaha SPX90, boksi jeusi la chuma lililotoka katikati ya miaka ya 1980 na kuzipa studio ndogo mwangwi wa dijiti ambao awali ulikuwa wa wenye fedha.

Kwa takwimu pekee boksi hili linashindwa mapema. Huchukua sampuli 31,250 za sauti kwa sekunde, na mwangwi wake hukomea kwenye mitetemo 12,000 kwa sekunde. Vifaa vingi vya sasa huchukua sampuli 48,000 na kuendelea. Lakini gitaa la umeme linahitaji nini? Noti ya juu kabisa kwenye gitaa la freti 24 ina mitetemo kama 1,319. Ile mitetemo midogo inayopanda juu ya noti hufika mbali zaidi, ila spika ya gitaa ya inchi 12 huanza kuififisha ikishapita 5,000 hivi. Kinachokatwa na SPX90, spika isingekitoa hata hivyo. Na kwa kuwa mwangwi hauna ule mng'ao wa juu, hukaa nyuma ya noti bila kugombania nafasi nayo. Kwenye kifaa kipya lazima niupunguze mng'ao huo kwa mkono ndipo nifike mahali boksi hili linapoanzia.

Ninachokipenda kuliko vyote ni mwangwi wake wa kinyume. Hauigeuzi noti yenyewe. Hutoa mfululizo wa miangwi inayoanza chinichini, ikapanda, kisha ikakatika ghafla. Kevin Shields wa bendi ya My Bloody Valentine aliutumia mwangwi wa aina hiyo, akaacha usikike wenyewe bila sauti kavu ya gitaa, huku akiyumbisha nyuzi kwa mkono wa tremolo. Albamu yao ya Loveless ya mwaka 1991 ina alama zake. Ujaribu kwa vidole vyako: gusa uzi kwa upole, noti inavimba taratibu, ucharaze kwa nguvu, inakujia mzimamzima. Mkono wa kulia unajifunza upya kazi yake.

Ustadi unaanzia kwenye kiwango cha sauti inayoingia. Ukiingiza kidogo, noti inapofifia unasikia mchakacho chini yake. Ukizidisha, inapasuka kwa ukali usio na utamu wowote wa amplifaya ya valvu. Kati ya hapo na pale pana nafasi nyembamba, nayo hutafutwa kwa kupiga, kusikiliza, kugusa kitasa, kupiga tena. Kioo kina mistari miwili tu ya maandishi, na vipimo hubadilishwa kimoja kimoja. Macho hayana cha kuangalia, kwa hiyo sikio ndilo linaloamua. Mbele ya skrini ya rangi ya kifaa kipya, iliyojaa picha za amplifaya, ni rahisi mtu kuchagua kwa sura.

Distoshini ya vifaa vya dijiti vya zama zile siitetei. Hapo vifaa vipya kama Kemper na Quad Cortex vimeshinda wazi, maana hunasa tabia ya amplifaya nzima, jinsi inavyokoroma na inavyotulia mpigaji anapolegeza mkono.

Basi viwekwe pamoja. Kifaa kipya kibebe amplifaya, na SPX90 ikae kwenye njia yake ya kutoa na kurudisha sauti, ikirudisha mwangwi mtupu kwa asilimia 100. Kiasi chake kipimwe kwenye kifaa kipya, sambamba na sauti kavu. Vipimo viandikwe daftarini, kwa sababu boksi lina nafasi 60 za kuhifadhi kazi ya mtumiaji, na betri ya ndani ikifa zote zinafutika.