Ramani ya Ndege ya Vita

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki riwaya, mashairi na tamthilia. Uhakiki wa ramani sijapata kuusoma. Hata hivyo ramani ni maandishi kama maandishi mengine: ina mtungaji, ina msomaji aliyekusudiwa, ina yanayosemwa na yanayoachwa. Katika makala haya nataka kuihakiki ramani moja ambayo vijana wawili watatu hapa Bariadi wameikata na kuijenga. Ni ramani ya Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, inayoundwa kwa bodi ya povu na kurushwa kwa rimoti. Hoja yangu ni kwamba ramani hii ni mwalimu mzuri wa mkono na mwalimu dhaifu wa historia, na kwa watu wa ukanda huu historia hiyo haifai kupuuzwa.

Nianze na sifa zake, maana zipo. Bodi ya povu ina unene wa milimita 5 hivi, na imebandikwa karatasi pande zote mbili. Ramani inamtaka mjenzi akate karatasi ya upande mmoja pamoja na povu, aiache karatasi ya upande wa pili nzima. Karatasi hiyo iliyobaki ndiyo inayokuwa bawaba. Kwa kukunja tu, bodi bapa inageuka ubawa uliovimba juu na kunyooka chini, umbo linaloiwezesha hewa kuinyanyua ndege. Vifaa ni kisu, rula na gundi ya moto. Mistari nayo ina lugha yake: mmoja unasema kata mpaka chini, mwingine kata nusu, mwingine kunja. Anayeusoma vibaya mstari mmoja huharibu bodi nzima. Nimewaona vijana wanaosinzia katika kipindi cha hisabati wakibishana nusu saa juu ya pembe ya digrii tatu. Mwalimu yeyote angetamani kuwa na kitabu chenye nguvu hiyo.

Sifa ya pili ni alama ya mizani. Kwenye ubawa pana vidoti viwili, karibu robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Unaishika ndege hapo kwa ncha za vidole. Ikiinamisha pua kidogo, unaweza kujaribu kuirusha. Ikiinua pua, usithubutu. Betri husogezwa mbele au nyuma mpaka uzito ukae mahali pake. Somo la fizikia ambalo ubaoni huchukua kipindi kizima, hapa hueleweka kwa vidole viwili.

Sasa nije kwenye kasoro. Msomaji aliyekusudiwa na mtungaji anaishi Marekani. Vipimo ni vya inchi, na bodi ni ya inchi 20 kwa 30, ambayo huko hununuliwa katika maduka ya vitu rahisi. Kurasa zimepangwa kwa karatasi ya Kimarekani, ambayo ni fupi na pana kuliko A4 yetu. Mashine ya kuchapa ikiachwa iamue yenyewe, huubadilisha mchoro kimyakimya, na vipande havilingani tena na vipimo vyake. Pembeni kumewekwa mraba wa inchi moja wa kupimia. Mwenye busara huupima kwa rula kabla ya kugusa kisu. Bodi yenyewe isipopatikana, fundi wa hapa hutumia povu jeupe linalofungiwa televisheni, au vipande vya maboksi yanayobebea minofu ya sangara huko Mwanza. Povu hilo ni nene, halina karatasi, na ukilikunja hukatika. Mjenzi hana budi kulibandika karatasi mwenyewe.

Hayo simlaumu mtungaji. Kila mtu huandika kwa vitu alivyo navyo. Ninamlaumu kwa kunyamaza juu ya hewa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa Mto Simiyu hutiririka kwenda ziwani, sisi tuko juu zaidi ya hapo. Hewa ya kwetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja hivi katika kumi, na joto la mchana huzidi kuifanya nyepesi. Rafadha, au pangaboi kama vijana wanavyoiita, huvuta kwa nguvu ndogo zaidi, na ubawa unahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ubebe uzito ule ule. Mjenzi asiyeambiwa hayo hudhani amekosea kukata, akabomoa kazi njema. Angengoja alfajiri, hewa ikiwa bado ya baridi, ndege ile ile ingempa matumaini. Tena ramani haina neno juu ya kibali. Vyombo visivyo na rubani vina kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Hifadhi ya Serengeti inayopakana nasi si uwanja wa kuchezea.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye ubawa wenyewe. Spitfire ilibuniwa na R. J. Mitchell, na iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936. Watu husifu ubawa wake uliochongwa mfano wa yai, wakiuona kama pambo. Umbo hilo lilikuwa na sababu. Ulitakiwa ubawa mwembamba ili ndege iende kasi, lakini wenye nafasi ndani yake ya kukunjia magurudumu na kuweka bunduki nane. Kwenye ramani yetu umbo limebaki, bunduki zimekuwa vimstari vya kalamu. Mjenzi hupaka rangi za jeshi, hubandika duara la bluu na jekundu, wala haulizwi mahali popote ndege hii ilifanya nini, na ilimfanyia nani.

Kijana mmoja nilipomweleza hayo alinijibu kwa adabu, "Lakini mwalimu, hii ni ya kuchezea tu." Jibu lake lina haki yake. Mtoto anayeunda ndege kwa mabua ya mtama na miiba, na kuitia pangaboi la karatasi, hatumdai historia. Lakini mtoto yule anaiga alichokiona kikipita juu ya shamba la pamba la baba yake. Kijana wangu anaiga alichochorewa na mtu mwingine, na hivyo anategemea kila kilichoachwa na mchoraji.

Tena mifano ya ndege za vita haikuwa ya kuchezea siku zote. Mwaka 1942 wanafunzi wa shule za sekondari za Marekani waliombwa kuunda mifano nusu milioni ya ndege za marafiki na za maadui, kwa kipimo cha 1 kwa 72, ikapakwa rangi nyeusi. Askari waliitumia kujifunza kuitambua ndege kwa umbo lake tu, upesi, ili wasimpige mwenzao. Kijana aliyekosea pembe ya ubawa katika mfano ule angeweza kumpotosha mpiga mizinga.

Gharama ya kutotambua tunaijua sisi. Novemba 1978, katika Vita vya Kagera, ndege tatu za Tanzania aina ya MiG-21 zilipigwa na askari wetu wenyewe huko Musoma. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tu-22, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, ilikusudia kulipua ghala la mafuta la Mwanza. Ililikosa, ikapiga Kisiwa cha Saanane, na wanyama wa hifadhi wakafa. Musoma na Mwanza ni majirani zetu. Bariadi wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga, kabla Mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012. Hata baada ya hapo anga letu halikuwa salama siku zote. Tarehe 29 Januari 2016 helikopta iliyokuwa ikisaidia kuwasaka majangili ilipigwa risasi kutoka chini katika Pori la Akiba la Maswa, na rubani wake Mwingereza, Roger Gower, akafariki.

Vijana wanaoijua Spitfire kwa jina na kwa rangi hawajui lolote kuhusu zile ndege tatu za Musoma. Ramani haiwezi kubeba lawama hiyo yote. Sisi wazee tumekaa kimya kuliko ramani. Lakini ubawa wa MiG-21 ni pembetatu yenye kingo zilizonyooka, na kwa kisu na rula ni rahisi kuukata kuliko yai la Mitchell. Fundi wa hapa anaweza kuichora kwa sentimita, kwa karatasi ya A4, kwa povu linalopatikana, na kwa hewa ya mita elfu na zaidi. Pembeni mwa mchoro, pale panapowekwa mraba wa kupimia, pangetosha mistari mitano ya kueleza ndege hii ilikuwa ya nani, iliruka lini, na kwa nini tatu kati yake hazikutua salama.

Basi ninawahimiza vijana waendelee kuijenga Spitfire, maana mkono unaojifunza hauchagui taifa. Nami nikiitwa kuihukumu kazi ya kijana, nitatazama mikunjo, nitapima mizani kwa vidole viwili, kisha nitamwuliza ndege hii ilimpiga nani na nani alikufa ndani yake. Asipojua, nitampa nusu ya alama, na nitamtuma kwa mzee aliyepigana Kagera akamsimulie kabla hajapaka rangi.