Habari Wakati wa Dhiki

Katika lugha yetu shahidi ni mtu aliyeona kwa macho yake, au aliyesikia kwa masikio yake, akawa tayari kusimama mbele ya watu na kuyasema. Ushahidi, basi, ni kitu kizito, kwa maana nyuma yake pana mtu. Jina hilo lilipewa kazi moja ya Wakenya ambayo sifa zake zimeenea duniani. Nataka kuihakiki hapa kama mtu ahakikivyo kitabu: ilikusudia nini, ilitimiza nini, na ilipungukiwa wapi.

Wengi wa wasomaji wangu walikuwa hawajazaliwa ilipotokea. Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais yalitangazwa, na nchi ikawaka. Siku ile ile serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja katika redio na televisheni. Njia kuu za Bonde la Ufa zilizibwa kwa mawe na magogo. Kabla ya mapatano ya tarehe 28 Februari 2008 kutiwa sahihi, watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa, na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao. Katika giza hilo Ory Okolloh, mwanasheria aliyezoea kuandika maoni yake katika intaneti, aliuliza kama wapo mafundi wawezao kutengeneza ramani ya kuonyesha maovu yalikotendeka. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitikia, na katika siku chache za Januari 2008 ramani ya Ushahidi ilifunguliwa. Mwananchi aliyeona nyumba ikiteketezwa, au watu wakikimbia, aliweza kupeleka habari kwa intaneti au kwa ujumbe wa simu. Habari ikapimwa kadiri ilivyowezekana, kisha nukta ikatiwa mahali pake.

Sina choyo cha sifa kwa kazi hii. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard waliilinganisha na magazeti ya siku zile, wakaona kwamba ramani iligusa sehemu nyingi zaidi za nchi. Miaka miwili baadaye, tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, chombo hicho hicho kilipokea vilio vya watu waliofukiwa na vifusi, na Wahaiti waliokaa ugenini wakavitafsiri kutoka Krioli usiku na mchana ili waokoaji wavielewe. Si jambo dogo kwa chombo kilichobuniwa na Wakenya kwa dhiki ya Kenya kusaidia taifa lililo ng'ambo ya bahari.

Lakini mhakiki hana budi kuipeleka ramani mahali ilipodai kupaonyesha. Tuipeleke Kitale. Mji huu ni wa mahindi. Maghala yake hujulikana nchi nzima, na uwanja wake wa maonyesho ni mahali ambapo wakulima huleta ng'ombe wao kushindania tuzo. Mwanzoni mwa 2008 uwanja huo ulijaa mahema. Watu waliokimbia mashamba ya upande wa Endebess walilala pale pale ambapo miaka mingine walikuja kutazama mifugo. Mfikirie mama mmoja katika hema mojawapo. Anataka kujua mambo matatu: watoto waliopotezana naye wako wapi, njia ya kwenda Bungoma kwa ndugu zake inapitika au haipitiki, na unga utagawiwa lini. Ramani ilimwambia mtu wa London kwamba mama huyu amekimbia. Yeye mwenyewe haikumwambia neno. Habari ilipanda kutoka kwake kwenda juu, na haikuteremka.

Huo ndio upungufu wa kwanza, na si wa ramani hiyo peke yake. Vyombo vingi vya habari za misaada hutengenezwa kwa ajili ya anayetoa, si anayepokea. Mtoaji hutaka hesabu, maana pasipo hesabu hatoi. Mpokeaji hutaka jibu. Kazi ya Msalaba Mwekundu ya kuwatafuta jamaa waliopotezana, ya jina moja baada ya jingine, haina rangi wala haipendezi katika picha, lakini ilijibu swali la kwanza la mama yule.

Tena simu yenyewe ilikuwa na nyuso mbili. Iliyopeleka ushahidi ndiyo iliyopeleka uchochezi: jumbe za chuki zilipita mkononi hata mkononi, na kampuni ya Safaricom ikaona ni heri iwapelekee mamilioni ya wateja wake maneno ya amani kuliko kuizima huduma nzima. Na simu hiyo hiyo, si mbali na Kitale, ilifanya jambo ambalo mimi naliweka juu ya ramani. M-Pesa ilikuwa imeanzishwa Machi 2007 tu. Mwaka uliofuata shirika la Concern liliitumia kupeleka fedha kwa mamia ya jamaa katika bonde la Kerio, badala ya kuhangaika na magari ya chakula. Simu zilikuwa chache; basi watu waliwekwa katika vikundi, kila kikundi na simu yake, na chombo cha kuichaji kwa nguvu ya jua. Hapo habari haikuwa picha ya msaada. Ilikuwa msaada wenyewe, nayo iliteremka.

Nimeacha jambo zito mpaka sasa kwa makusudi. Juu ya Bungoma na Kitale umesimama Mlima Elgon, na vita vya huko havikungoja uchaguzi. Vilianza mwaka 2006 kwa ugomvi wa mashamba ya Chepyuk, na kundi lililojiita jeshi la kuilinda ardhi ya Wasabaot likatawala kwa hofu. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilisema kundi hilo liliua watu zaidi ya 600. Makumi ya maelfu waliteremka kutafuta hifadhi. Waliodhaniwa kutoa habari kwa serikali walikatwa masikio. Machi 2008 jeshi la nchi lilipanda mlimani kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha, likawakusanya wanaume kwa maelfu, na wengi wao walirudi wakisimulia mateso. Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa wakiwatibu watu hao, walitoa kijitabu mwaka huo ambacho jina lake lilikuwa swali: je, kuna yeyote anayejali?

Sasa mwombe ushahidi mtu wa mlimani. Kwa huku akisema hupoteza sikio, na kwa huku akisema hushukiwa na askari. Ujumbe wa simu hauna kinywa, lakini una namba, na namba ina mwenyewe. Ramani ingojayo watu wapeleke habari huwasikia wenye simu, wenye chaji, na wasioogopa. Hao wakiwa wengi mahali fulani, nukta huwa nyingi. Mahali palipo na hofu kubwa huonekana peupe, na mgeni asiyejua hudhani ni amani. Sisemi watengenezaji walidanganya, walionyesha walicholetewa. Nasema mgawaji wa misaada aisomaye ramani ya namna hiyo huweza kupeleka magari yake yote penye nukta.

Kwa hiyo ramani za namna hii huzisoma kinyume. Nikionyeshwa moja, macho yangu huanzia magharibi, ambako ardhi hupanda kutoka Bungoma kupita Kimilili hadi Kapsokwony, nami huuliza ni nani aliyekwenda huko kwa miguu.