Wadudu Watatu kwa Mia Mbili

Mtu akirudi kutoka maabara na kikaratasi chake, nyumbani huulizwa: wangapi? Naye hujibu, "Watatu," au "Nina malaria tano," na waliopo huanza kushindana kukumbuka malaria zao za zamani. Nimekua nikiisikia hesabu hiyo bila kujiuliza wadudu hao wamehesabiwa na nani, tena ndani ya nini. Mtu hawezi kulala kitandani akitetemeka kwa sababu ya wadudu watatu tu.

Jibu nililipata nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya mtaalamu mmoja wa maabara, mtu wa makamo ambaye shingo yake imeinama kidogo hata anapotembea. Wagonjwa wanamwita daktari, ameshachoka kuwasahihisha. "Mama, niletee mkono wa kushoto," anasema, na kuchagua kidole cha pete. Anakipangusa kwa spiriti, anangoja kikauke, anachoma. Tone la kwanza analifuta kwa pamba. Yanayofuata anayapokea juu ya kioo, moja kubwa na jingine dogo pembeni. Lile kubwa analizungusha kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara kama kifungo cha shati. Lile dogo analivuta kwa mkupuo mmoja, liishie kwa ncha mfano wa ulimi. Huo ni utando mzito na utando mwembamba. Ule mzito una kipimo chake cha kizamani: ukiuweka juu ya gazeti, maandishi yasomeke kupitia damu.

Kinachofuata ndicho kilichonifanya nisogeze kigoda. Utando mwembamba huchovywa kwenye methanoli ili seli nyekundu zibaki na umbo lake. Ule mzito haupaswi kuguswa na methanoli, hata kwa mvuke wake, kwa sababu seli zake nyekundu lazima zipasuke zikikutana na maji ya rangi, wabaki vimelea na seli nyeupe peke yao. Na tando zote mbili ziko juu ya kioo kimoja, zimeachana kwa upana wa kidole. Alikiinamisha kioo, akachovya ncha yake na kuitoa, kama mtu anayechovya mkate kwenye chai ya moto sana.

Rangi inaitwa Giemsa, kwa jina la Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg aliyetangaza namna ya kuitengeneza mwaka 1904. Huchanganywa na maji ya pH 7.2, yakikosewa, damu yote hugeuka nyekundu mno au buluu mno, na kimelea hujificha humo. Kukiwa na foleni hutumia rangi ya asilimia 10 kwa dakika kumi hivi. Akipata nafasi hutumia asilimia 3 kwa dakika 45, na uso wake unaonyesha ipi anaipenda. Wakati wa kuosha haimwagi rangi. Anaingiza maji polepole pembeni hadi ule utando unaong'aa juu ya rangi uelee na kuondoka wenyewe. Ukimwaga, unalala juu ya damu na kuacha vidoadoa, na vidoadoa hivyo vimewapa watu wengi malaria wasiyokuwa nayo.

Kisha tone la mafuta, na lenzi ya mia ya hadubini. Kimelea kichanga cha malaria ya falciparum ni pete nyembamba ya buluu yenye kito chekundu. Vumbi nalo hujifanya pete, lakini ukizungusha kirekebishi kidogo tu, vumbi hung'aa wakati damu imefifia: haviko ghorofa moja. Mkono wake wa kulia hausimami. Wa kushoto unabonyeza vitufe viwili, kimoja cha vimelea, kimoja cha seli nyeupe. Seli nyeupe zikifika 200 na vimelea vimefika mia, anasimama. Vikiwa pungufu, anaendelea hadi seli 500. Basi "watatu" wetu wa nyumbani ni watatu kwa kila seli nyeupe 200. Tukichukulia kwamba mikrolita moja ya damu ina seli nyeupe 8,000, kama desturi ilivyo, hao ni 120 katika mikrolita moja, nayo ni punje ya damu.

Nilikumbuka hesabu hiyo niliposoma upya habari za chanjo ya malaria ya RTS,S. Watoto 15,459 walijaribiwa katika vituo 11 vya nchi saba, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya. Mtoto alihesabiwa kuwa ameugua malaria akiwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi na vimelea zaidi ya 5,000 kwa mikrolita. Maana yake ni zaidi ya 125 kwa seli nyeupe 200. Asilimia zote zilizotangazwa, na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la Oktoba 2021, zilipita kwanza kwenye macho ya watu kama mtaalamu huyu. Katika tafiti za namna hii kioo kimoja husomwa na watu wawili, kila mmoja bila kujua mwenzake ameandika nini, na wakitofautiana sana huitwa wa tatu.

Vipimo vya haraka vimechukua sehemu kubwa ya kazi yake, naye halalamiki. Lakini kipimo cha haraka hakihesabu. Mkoani Kagera na nchini Rwanda kumeonekana vimelea wenye badiliko la jeni liitwalo R561H, ambao dawa za artemisinini huwaondoa polepole. Ili kulijua hilo kwa mgonjwa, kioo hutolewa kila baada ya saa chache na hesabu hupangwa mstarini, ionekane inashuka kwa kasi gani.

Kioo cha mwisho siku ile kilikuwa cha mtoto. Mtaalamu alipita maduara mia ya hadubini, kiasi kinachotakiwa, asione kitu. Akamuuliza mama kama mtoto amekunywa dawa yoyote. "Nusu kidonge, jana usiku." Akarudi kwenye hadubini na kuongeza maduara mia mengine. Kisha akaandika "havikuonekana", akachukua karatasi laini na kufuta mafuta kwenye lenzi.