Kinyago, Sanamu na Kigango: Uhakiki wa Istilahi katika Sanaa ya Uchongaji ya Pwani ya Kenya

1. Utangulizi

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, yasema methali. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkejeli mtu anayeogopa jambo alilolizua mwenyewe, na kwa kuwa imezoeleka mno, ni nadra kuulizwa kama madai yake ni ya kweli kuhusu vinyago vyenyewe. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuvitazama vitu viwili vichongwavyo katika Pwani ya Kenya: kazi za karakana za Changamwe, Mombasa Bara, na vigango vya Wamijikenda, hasa Wagiriama. Itadhihirika kwamba methali inakubaliana na mchongaji wa Changamwe, bali inashindwa kabisa mbele ya kigango. Na kwamba kushindwa huko si kasoro ya methali, bali ni dalili ya upungufu katika istilahi za uhakiki wa Kiswahili.

2. Kipimo kilichoazimwa

Uhakiki wa sanaa ya uchongaji katika Afrika umejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mifano ya Afrika ya Magharibi. Sababu zake ni za kihistoria. Waingereza walipoiteka Benin mwaka 1897, maelfu ya kazi za shaba na pembe zilipelekwa Ulaya. Na miaka michache baadaye wachoraji wa Paris wakaanza kuvisifu vinyago vya kuvaliwa usoni kutoka makoloni ya Ufaransa. Hata Waafrika wenyewe walipokutana Lagos mwaka 1977 katika tamasha la FESTAC, nembo waliyoichagua ilikuwa uso wa pembe wa Malkia Idia wa Benin, na kazi yenyewe ilibaki London kwa kuwa Waingereza walikataa kuiazima.

Hapana ubaya kuisifu Benin. Ubaya umo katika kuifanya kipimo cha pekee. Kwa kipimo hicho Afrika ya Mashariki huonekana maskini wa uchongaji, isipokuwa Wamakonde; na kwa kuwa kipimo hudai uso, kitu kisichokuwa na uso uliochongwa kwa ufundi huhesabiwa kuwa ubao tu. Kigango ni mhanga wa kipimo hicho.

3. Changamwe: methali inapothibitika

Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilianzishwa Changamwe mwaka 1963. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi huiunganisha asili ya biashara hii na Mutisya Munge wa Wamunyu, Ukambani, ambaye alijifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi kwao na kuwafundisha wengine. Mchongaji wa Changamwe huchonga twiga, faru, Mmasai mwenye mkuki, vijiko na mabakuli. Na mnunuzi akitaka, humchongea pia uso mrefu wenye macho yaliyofumbwa, kwa mfano wa nyuso za Afrika ya Magharibi ambako yeye hajapata kufika. Mbao zake zilikuwa mpingo na muhugu. Miti hiyo ilipoadimika, wengi waligeukia mwarobaini, hasa tangu miaka ya 1990.

Wahakiki wengi wamezidharau kazi hizi kwa kuwa zimechongwa kwa ajili ya mtalii. Dharau hiyo haina msingi madhubuti. Mchongaji hadai kwamba uso ule umepata kuchezwa ngomani, wala kwamba umenyweshwa damu ya mbuzi. Anauza ufundi wa mkono, na ufundi huo upo: mgawanyo wa kazi kati ya anayekata gogo, anayetoa umbo kwa tezo, anayepiga msasa na anayepaka rangi unahitaji maarifa yanayorithishwa na kusahihishwa kila siku. Uongo huingia baadaye, pale muuzaji mwingine anapokifukia kitu ardhini au kukifukiza moshi ili kionekane cha kale. Hapa basi methali imesema kweli. Kinyago hakimtishi aliyekichonga, kwa sababu tangu mwanzo hakikukusudiwa kumtisha mtu. Kimekusudiwa kumlipia karo mtoto wake.

4. Kigango: methali inaposhindwa

Kigango huchongwa kwa ubao mmoja wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa. Huwa na kichwa, mara nyingi cha mviringo na bapa, shingo, kisha mwili mrefu ulionyooka usio na mikono wala miguu, uliojaa pembetatu ndogo zilizochongwa kwa safu na kutiwa rangi. Urefu wake huweza kupita kimo cha mtu, na sehemu ya chini huzikwa ardhini. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na mali. Marehemu wengine hukumbukwa kwa vigingi vidogo vya kawaida viitwavyo koma, jina lilelile la roho ya marehemu. Ni kawaida kigango kusimamishwa baada ya marehemu kuwajia jamaa zake ndotoni, au baada ya maradhi na mikosi kuwaarifu kwamba amesahauliwa. Hufungwa vitambaa, humiminiwa tembo la mnazi, huchinjiwa.

Mhakiki aliyezoea kutenganisha fani na maudhui atataabika hapa. Akiuliza pembetatu zile zina maana gani, atakuwa ameuliza swali la pili kabla ya la kwanza. Swali la kwanza ni: kigango kinafanya nini? Kinampa marehemu mahali. Kwa mujibu wa mila, kikishasimamishwa hakihamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki, na ikilazimu huchongwa kingine kidogo katika makao mapya. Huachwa kikapauka kwa jua na kupasuka kwa mvua mpaka kioze, na kuoza huko si uharibifu wa sanaa bali ni mwisho wake wa halali. Aliyekichonga anaweza kuwa jirani, na wenyeji wakamwona akikichonga. Hata hivyo kikishasimamishwa, mchongaji mwenyewe hathubutu kukigusa ovyo. Methali imeshindwa, kwa kuwa kinachoogopwa si ubao aliouchonga, bali ni mzee aliyepewa ubao huo kuwa makao.

5. Ushahidi wa vitenzi

Tofauti hii imo tayari katika lugha, ila wahakiki hawajaitumia. Sanamu huwekwa, hutazamwa. Kinyago huchongwa, na kikiwa cha kuvaliwa, kama mapiko ya Wamakonde, huchezwa. Kigango husimikwa. Kitenzi kusimika hutumiwa kwa nguzo, na hutumiwa vilevile kwa mtu anayepewa cheo: mfalme husimikwa, mzee wa kaya husimikwa. Kwa hiyo anayeandika kwamba “sanamu ya Kigiriama imewekwa makumbusho” amefanya makosa mawili katika sentensi moja: ameibadili nomino, na amekipoka kitu kitenzi chake.

Huenda pakatolewa pingamizi kwamba kigango ni neno la Kigiriama, na kwamba Kiswahili kina kigango chake, yaani kibanzi cha kuungia kitu kilichovunjika, mbali na kigango cha Wakatoliki kilicho sehemu ya parokia. Pingamizi hili halina uzito. Maneno mengi ya Kiswahili hubeba maana mbili au tatu bila kumpoteza msemaji, na maana ya kibanzi, pasipo kudai kwamba asili ni moja, yamfaa sana mhakiki: kigango cha Wagiriama nacho huunga kilichokatika, yaani wazima na wafu wao. Aidha, lugha iliyokaa jirani na Kimijikenda kwa karne nyingi haiwezi kudai kwamba kuazima kutoka Kisauni ni kugumu kuliko kuazima kutoka London.

6. Gharama ya istilahi mbovu

Suala hili si la kamusi peke yake. Tangu miaka ya 1970 vigango vingi viliibwa makaburini na kuuzwa ng'ambo kama “sanamu za Kiafrika”. Jina hilo lilirahisisha biashara, kwa kuwa sanamu ni kitu kinachouzika. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake, baadaye vikaibwa. Kimoja kilitambuliwa Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na makala ya Udvardy, Linda Giles na John Mitsanze ya mwaka 2003 iliufichua mkondo mzima wa biashara hiyo. Kile cha Illinois kilirejeshwa kwa familia mwaka 2007. Mzee alikuwa amekwisha kufariki.

Tangu hapo vingine vimefuata. Makumbusho ya Denver yalikubali mwaka 2014 kurejesha vigango 30, na Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirejesha 37 mwaka 2023. Ni habari njema. Lakini vingi katika hivyo viliuzwa bila kuandikwa vilitoka boma gani, kwa sababu mnunuzi wa sanamu haulizi jina la baba wa sanamu. Kwa hiyo kurudi Kenya si kurudi nyumbani. Kamera ya Afrika ya Magharibi ilipata bahati tofauti: Afo-A-Kom ya Wakom wa Kameruni iliyoibwa mwaka 1966 ilirudi kwa wenyewe mwaka 1973, kwa kuwa jina lake na jina la watu wake vilikuwa ni kimoja. Waandishi wanaotangaza kwamba vigango “vimerejeshwa” wanaifunga habari ambayo haijafika mwisho. Kigango kilicho ghalani kimerejeshwa; hakijasimikwa.

7. Hitimisho

Kutokana na maelezo haya, yapasa wahakiki na watunzi wa istilahi wazingatie mambo matatu. Kwanza, neno kigango litumike katika Kiswahili kama lilivyo, bila kutafsiriwa kuwa sanamu wala kinyago. Pili, neno kinyago libaki na heshima yake, nayo kazi ya Changamwe ihakikiwe kwa ufundi wake, si kwa kulaumiwa kwamba haikutoka kaburini. Tatu, uhakiki uanze na kitenzi cha kitu kabla ya umbo lake. Methali nayo haihitaji kufutwa. Inahitaji tu kuambiwa mipaka yake: ni ya kinyago, na kigango si kinyago.